Mwanamke wa Redio na King'ora Bubu

Gunia lilipomwagwa, samaki walitoka kidogo tu, wa juu juu.

Chini yao ulikuwa mchanga. Mchanga mtupu wa ziwani.

Tantine Agnès, shangazi wa mama yangu, akapiga yowe kama mtu aliyefiwa. Watu wa Kashikishi, huku Zambia, wakakusanyika uani. Kila mmoja alisubiri mama yangu naye aangue kilio, au atukane, au atoke mbio kumtafuta mwizi.

Mama hakulia. Alisimama akiutazama ule mchanga kama mtu anayesoma.

Halafu akasema polepole, "Mungu wangu. Mulango."

"Mulango gani?" Tantine akamuuliza. "Tumeibiwa, weye unasema mulango?"

Mama akatoka mbio. Kitenge kimelegea, kandambili zimebaki nyuma. Lakini sokoni kwa mwizi hakwenda. Alishika barabara ya Nchelenge, upande wa boma, akikimbia peku kwenye changarawe na jua limewaka.

"Amerukwa na akili," mtu akasema.

Mpaka leo wapo wazee wa Kashikishi wanaoshikilia kwamba siku ile alirukwa na akili kweli.

Sikieni niwaambie ilivyokuwa. Ni mambo ya mwaka 1978. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kunyonya, kwa hiyo nasimulia kama nilivyosimuliwa na waliokuwepo. Na Kiswahili chetu cha ziwani mtakivumilia: 'njo' ni 'ndiyo', 'batu' ni 'watu', 'bibi' ni 'mke'.

Mama yangu aliitwa Clémentine Nkulu. Lakini ng'ambo ya ziwa, enzi hizo nchi ikiitwa Zaire, kazini hakuna aliyethubutu kumwita Clémentine. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Alikuwa Citoyenne Nkulu, yaani Raia Nkulu, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa mgodini. Jina la mgodi nitaliacha.

Shaba ilichimbwa chini sana, na huko chini kuna maji. Pampu zinayanyonya na kuyatapika juu, mchana kutwa, usiku kucha. Zikilegea, maji yanapanda. Na watu wako huko huko.

Wenye mgodi wakaleta kompyuta ya kuzilinda zile pampu. Zamani hizo kompyuta ni makabati yaliyosimama ukutani, mbele yake safu za taa na swichi. Maji yakipita kiwango, inapiga king'ora chini na juu, watu wanapanda. Hali ikiwa shwari, kwenye meza ya mkubwa wa zamu inawaka taa ya kijani.

Mama alikuwa amesomea kitu hicho Ubelgiji. Waliitunza watu watatu. Mhandisi muzungu, ndiye mkubwa. Mama. Na Citoyen Mwenze, bwana mmoja mpole ambaye akicheka anatikisika mabega tu, sauti haitoki.

Sasa, kulikuwa na jambo lililowanyima usingizi.

King'ora kilikuwa kinakufa.

Si mara nyingi. Wanakijaribu leo, kinalia vizuri. Siku nyingine wanakijaribu, kimya. Na taa ya kijani inawaka kama kawaida, haina habari! Wanaizima mashine, wanaiwasha upya, king'ora kinalia tena kama jogoo. Hakuna aliyejua kwa nini.

"Ni nyaya," mhandisi alisema. Wakabadilisha nyaya. Kikafa tena.

Mama hakuamini kwamba ni nyaya. Yeye alikuwa na wasiwasi na kitu kimoja walichokiita mulango.

Nitaeleza kama alivyonieleza mimi, kwa sababu bila hilo kisa hiki hakina kichwa wala miguu.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na pande mbili. Upande wa nje zinakaa programu za kawaida. Hii inasoma pampu, ile inajumlisha hesabu. Upande wa ndani kinakaa kiini, na kiini ndicho mwenye nyumba. Pampu anazishika yeye, saa anaishika yeye, king'ora anakishika yeye. Programu haziruhusiwi kutia mkono humo, maana moja tu yenye kosa ingevuruga vyote.

Lakini lazima zipeleke habari ndani. Kwa hiyo kulikuwa na kipande kifupi cha maagizo, ndio huo mulango. Programu inakuja inasema: nina habari, nimeiweka mahali fulani kwangu, urefu wake ni huu. Mulango unakagua. Mahali hapo ni pake kweli? Urefu huo unaenea kwenye nafasi niliyonayo ndani? Ikiwa sawa, unanakili ile habari na kuiingiza. Ikiwa si sawa, unaifukuza.

Mhandisi ndiye aliyeuandika. Mama akapewa kazi ya kuusoma atafute kosa. Aliusoma mpaka akaujua kama Baba Yetu. Kila mstari ulikuwa sahihi.

Na bado moyo wake ulikataa kutulia.

"Umeona nini?" Mwenze alimuuliza siku moja.

"Sioni kitu. Njo inaniogopesha."

Hawakufika mwisho wa jambo hilo. Mwezi wa tano vita vikaingia jimbo lile la Shaba. Mhandisi akapanda ndege akaenda zake. Ndugu za mama wakamwambia, mwanamke peke yake ukae ungoje nini? Akavuka ziwa, akafikia Kashikishi kwa dada ya baba yake, huyo Tantine Agnès, mfanyabiashara wa chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa mchangani.

Mwenze akabaki peke yake na mashine. Siku ya kuagana alimwambia, "Enda, citoyenne. Miye nitabaki nayo."

Mama akaondoka na aibu. Alijiona kama mtu aliyemwachia mwenzake mgonjwa.

Huko Kashikishi akajifunza kununua samaki. Kunusa, kutafuna, kutia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko.

Na asubuhi ile alifanya hivyo hivyo. Gunia lilikuwa zuri. Akalipa. Akageuka kupatana na jamaa wa baiskeli awabebee mzigo. Alipogeuka tena, gunia lilikuwa pale pale, kitambaa kile kile, kamba ile ile. Wakabeba.

Mnaona?

Mkono wake haukumdanganya. Alikagua gunia moja, akabeba jingine. Alilikagua likiwa bado mikononi mwa muuzaji, akaligeuzia kisogo.

Alipouona mchanga uani kwa Tantine, ndipo akauona mulango.

Mulango ule ulikuwa unausoma urefu mara mbili! Mara ya kwanza kuukagua. Mara ya pili, wakati wa kunakili, ulikuwa unarudi tena nje kwa programu kuuliza: urefu ni ngapi? Na katikati ya mara hizo mbili, programu nyingine inayotumia mahali pale pale ingeweza kuandika urefu mwingine, mkubwa zaidi. Mulango hauna habari. Wenyewe umeshakagua. Unanakili tu, habari inafurika ndani ya kiini, inafunika vilivyokaa jirani.

Na jirani ya hapo ndipo vilipowekwa viwango vya king'ora.

Hakukuwa na kosa kwenye mstari hata mmoja. Kosa lilikaa katikati ya mistari.

Na mhandisi, kabla ya kukimbia, alikuwa ameacha agizo: zile programu mbili zinazotumia mahali hapo, ambazo zamani zilipokezana, sasa ziende pamoja muda wote. Yaani king'ora kingekufa mara nyingi zaidi, na hakuna ambaye angejua.

Ndiyo maana mama alikimbia.

Pale Nchelenge kulikuwa na kampuni ya kununua samaki. Ule mgodi ulikuwa unalisha wafanyakazi wake samaki wakavu kutoka ziwani, kwa hiyo kampuni ilikuwa na redio ya kupokea maombi yao. Aliyeikalia ni Ba Lackson, yaani Bwana Lackson, Mbemba wa hapo hapo, mwimba kwaya, mtu wa taratibu zake.

Mama akaingia akihema, miguu inatoka damu.

"Ba Lackson, naomba unipatie mugodi."

"Awe, mayo," Lackson akasema, yaani hapana, mama. "Hii redio ni ya samaki."

"Batu wanaweza kufa."

"Ng'ambo kuna vita. Watu wa boma walituambia: samaki tu. Neno jingine likipita hapa, mimi ndiye nitakayefungwa."

"Ba Lackson, king'ora cha mugodi ni bubu. Batu wako chini ya udongo na hawajue."

"Nina watoto, mayo."

"Na wale nao wako na batoto."

Lackson akaangalia dirishani. Akaangalia ile miguu yake. Akavua vile vidude vya masikioni, akampa.

"Anza na samaki," akasema kwa sauti ya chini. "Wakisikia samaki, hawatakata."

Mama akaanza na samaki. Chisense wapo, wakubwa wachache, bei ni ile ile. Halafu akamwambia opereta wa mgodini, "Niitie Citoyen Mwenze. Ni Nkulu. Mwambie ni mulango."

"Mwenze amemaliza zamu, iko kwake."

"Mutume mutu amuite. Tafadhali. Nitangoja."

Akangoja. Redio inanguruma peke yake kama mvua kwenye bati. Lackson amesimama kizingitini akichungulia barabara.

Mwisho sauti ikaja.

"Allô? Citoyenne?"

"Mwenze! Sikia bila kunikata. Mulango unaangalia urefu mara mbili. Mara moja kukagua, mara moja kunakili. Katikati, ile programu ingine inaweza kuubadilisha."

Redio ikanguruma tu.

"Mwenze?"

"Mungu wangu," sauti ikasema. "Na sasa zinaenda pamoja."

"Njo vile. Sikia dawa yake. Nakili kwanza, uingize upande wetu. Kisha kagua ile nakala yako. Usirudi tena inje kuuliza. Umesikia? Rudia."

Akarudia, neno kwa neno. Mama akafumba macho akimsikiliza.

"Lakini kwanza, mbele ya hiyo, toa batu chini. Simamisha mashine."

Hapo ndipo sauti nyingine ilipoingia. Nzito, ya mtu aliyekuwa akisikiliza muda wote.

"Weye ni nani? Unasema kutoka wapi?"

"Ni Citoyenne Nkulu, wa ku kompyuta."

"Uko Zambia. Umekimbia nchi. Na sasa unatuambia tutoe batu, tusimamishe mugodi. Njo vile waasi wamekufundisha kusema?"

Alikuwa mkuu wa usalama wa mgodi. Na jamani, tuseme ukweli, mtu akitaka kuuhujumu mgodi angesema nini tofauti? Vita vimetoka tu kupita. Sauti inatoka ng'ambo inasema zimeni kila kitu. Ungekuwa wewe ungeamini?

Mwenze naye akauliza, taratibu, "Citoyenne, nitajuaje hakuna mutu nyuma yako na bunduki?"

Mama akasema maneno ambayo baadaye aliyarudia maisha yake yote.

"Usiniamini. Enda mwenyewe ku mashine. Tumia swichi za mbele, fungua pale viwango vya king'ora vinakaa, soma taa. Ukikuta viwango viko sawa, basi miye ni mwongo, unisahau. Amini macho yako."

"Nimesikia," Mwenze akasema.

Redio ikakatika.

Siku ya pili mgodi haukuagiza samaki. Siku ya tatu hivyo hivyo. Lackson akaita mpaka koo likamkauka, hakuna jibu.

Polisi akaja kutoka boma. Alimkuta mama akigeuza chisense mchangani.

"Wewe ndiye uliyesema na Zaire?"

"Ni miye, mukwai," mama akamjibu kwa heshima.

"Ulisema nini?"

Akamweleza. Programu, mulango, urefu. Polisi akaandika kidogo, akaacha, akamtazama.

"Mama, wewe ni jasusi wa nani?"

Walimweka boma kutwa nzima. Wakamwachia kwa sharti asisogelee redio tena. Ba Lackson akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa.

Na Kashikishi ikamgeuka. Mgodi ndio ulikuwa mnunuzi mkubwa. Magunia yakaanza kujaa, bei ikaanguka, samaki wakaanza kuota ukungu kwenye vibanda. Wanawake waliokuwa wakimsalimia wakawa wanavuta vitenge vyao akipita.

"Huyu Mkongomani ametuletea nuksi," alisema mama mmoja anayeitwa Ennie, na hakuijali sauti yake. "Ametufungia mdomo wa ng'ambo."

Tantine Agnès alimtetea nje. Ndani alikuwa moto.

"Clémentine, ulikuwa na hakika?"

"Nilikuwa nayo, Tantine."

"Ulikuwa? Na sasa?"

Mama alikuwa hali chakula, akilala anaota zile taa za mbele, zinawaka na kuzima, na yeye hawezi kuzisoma. Je, kama alikosea? Je, kama viwango vilikuwa sawa, na Mwenze amesoma, akamcheka kwa yale mabega yake, akamsahau?

Aliomba Mungu awe amekosea. Kisha akaomba asiwe amekosea. Alisema hakujua tena aombe nini.

Halafu boti ikaja kutoka ng'ambo. Mabaharia wake waliruka majini kabla haijatia nanga.

"Mugodi umemeza maji!"

Watu wakawazunguka.

"Pampu zililegea, maji yakajaa kule chini. King'ora hakikulia hata kidogo. Taa ya mukubwa ilikuwa kijani!"

"Na batu?" Mama aliwasukuma watu akapita katikati. "Batu je?"

"Walipanda. Zamu nzima imepanda. Wanasema mutu aliwaonya."

Mama akapiga magoti kwenye maji. Akacheka. Akalia. Ennie yule yule akapiga vigelegele, akamshika mkono akamwinua. Jioni Ba Lackson akaja na mke wake, wakaimba wimbo wa kanisani pale uani, na Tantine akapika samaki ambao alikuwa ameapa hatawagusa mpaka mwizi wake apatikane.

Kisa kingeishia hapo kingekuwa kizuri sana.

Hakikuishia hapo.

Mwanamke mmoja alishuka kwenye boti, siku ambayo ziwa lilikuwa limechafuka. Kijana, amekonda, ana mtoto mgongoni. Aliuliza sokoni, "Mwanamuke wa redio anakaa wapi?"

Wakamwonyesha kwa furaha. Walidhani amekuja kushukuru.

Alimkuta mama kwenye mchanga wa kuanikia.

"Njo weye wa redio?"

"Njo miye. Karibu, dada."

Hakukaribia. Alisimama pale pale.

"Miye ni Léonie. Bibi ya Mwenze."

Mama akainuka kwa furaha, akataka kumkumbatia. Léonie akarudi nyuma hatua moja.

"Uniache niseme kwanza," akasema. "Nilisafiri na haya maneno, nisipoyasema yataniua."

Mama akasimama, mikono yenye magamba ya samaki imening'inia.

"Siku ile bwana yangu alikuwa amemaliza kazi. Alikuwa nyumbani, anakula. Mutu akakuya: Mwenze, kuna mwanamuke wa Zambia anakutafuta ku redio. Akaacha chakula. Akasimama mbiombio, hata viatu hakufunga."

Akakaza kitenge cha mtoto.

"Miye nikawaza, ana mwanamuke ingine. Nikamwambia: enda. Enda kwa bibi yako, na usirudi hapa."

Mama akaziba mdomo.

"Njo maneno yangu ya mwisho kwake."

Upepo ulikuwa ukipeperusha samaki wakavu. Hakuna aliyewaokota.

Léonie akasimulia yote. Alisimuliwa na wachimbaji wenyewe. Mwenze alitoka redioni akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Akapiga swichi, akasoma taa. Mahali pa viwango vya maji alikuta tarakimu za pampu zimejaa tele, zimefurika mpaka pasipo pake. King'ora kilikuwa kimekwisha kufa zamani. Hakuna ajuaye tangu lini.

Akaenda kwa mkuu wa usalama. Mkuu akamwambia: hiyo ni sauti ya waasi, na ukizima mashine hiyo wewe pia ni muasi.

Hakubishana. Alichukua nyundo, akashuka.

Huko chini alipita akigonga mabomba. Wachimbaji wanaujua mlio ule: bomba likigongwa vile, acha kila kitu, panda. Wengine walimkuta maji yakiwa tayari yamemfika magotini. Juu, taa bado kijani.

"Wote walipanda," Léonie akasema. "Alipanda nao mpaka nusu. Kisha akasema, ngoja nikaangalie ile kona ya mwisho, pengine kuna mutu amebaki. Akarudi."

Léonie akamjibu mama bila kuulizwa.

"Hakukuwa na mutu kule. Kona ilikuwa bure."

Mama akaketi chini palepale, juu ya samaki.

"Na sasa wanasema yeye njo aliharibu mashine. Kwamba alizungumza na Zambia, kisha maji yakakuya. Walinifukuza ku nyumba ya kampuni. Hakuna mutu ananisalimia, hata wale aliwatoa chini, wanaogopa."

Akamtazama mama kwa mara ya kwanza machoni.

"Sikukuya kukutukana. Nimekuya kuuliza neno moja. Alikuwa bwana wako?"

"Hapana!" Mama akasema. "Dada, hapana. Tulikuwa kazi moja tu. Sikumuita hata siku moja kwa jina lake la ubatizo. Sikulijua."

"Fabien," Léonie akasema. "Jina lake Fabien."

Na hapo ndipo alipolia. Alilia akiinama mpaka mtoto mgongoni akaanza kuteleza, na mama akaruka akamdaka kabla hajafika chini.

Alimshika hivyo, mikono yake inanuka chisense. Hakumrudisha haraka. Léonie naye hakumdai.

Ndugu zangu, mtoto huyo ni mimi.

Clémentine hakunizaa. Baba yangu ni Fabien Mwenze, ambaye mpaka leo amelala ndani ya ile kona. Aliyenizaa ni Léonie. Aliingia kwa Tantine Agnès siku hiyo na hakuondoka tena.

Msifikiri Clémentine na Léonie walikuwa marafiki. Miaka ya kwanza Léonie alikuwa akiamka, anasalimia watu wote wa nyumba ile isipokuwa mmoja. Lakini akitaka kwenda sokoni alinitoa mgongoni na kunipeleka kwa huyo huyo mmoja. Ananiweka tu mikononi mwake na kwenda zake.

Clémentine hakuolewa. Kompyuta hakuigusa tena. Aliuza samaki, akanisomesha, akanipeleka hospitali nilipougua, akanichapa nilipostahili. Nilimwita mama kabla sijajua kwamba kuna neno jingine la kumwita. Léonie alisikia, akaliacha.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Clémentine. Léonie alikuwa amekwisha kufariki, na tulikuwa wawili tu.

"Mama, ungejua yatakayotokea, ungeita redio siku ile?"

Hakufikiri sana. Nadhani alikuwa amefikiri miaka yote.

"Ningeita," akasema. "Batu walikuwa chini. Ningeita tena na tena. Lakini kabla ya kumuita Mwenze, ningeomba waniitie bibi yake. Nimwambie: dada, ninamuita bwana wako kwa kazi, na kazi yenyewe ni mbaya. Umuage vizuri."

Basi, mlionifuata mpaka hapa, mimi nawaachia moja tu.

Ukimpa mtu ukweli, usijipongeze kwamba umemsaidia. Umemtwisha mzigo. Asiyejua alikuwa na haki ya kumaliza chakula chake; anayejua lazima ainuke.

Kwa hiyo mwambie, usimfiche. Lakini ukishamwambia, kajue anakoishi. Jua jina lake. Na uwe tayari kulea watoto wake.